Shoka la Binamu

Binamu yangu anaishi Minnesota, na kila akija nyumbani Desemba huniletea zawadi za maisha ambayo mimi siishi. Mwaka mmoja ilikuwa koti la theluji. Nililivaa mara moja tu, asubuhi ya Julai, kwenye matatu ya kwenda tao, nikashuka nimelowa jasho hadi kwenye soksi. Mwaka uliofuata akaleta kikombe kinachotunza joto la kahawa kutwa nzima, kana kwamba kuna mtu Pipeline anayeacha chai ipoe. Desemba iliyopita akafungua sanduku, akatoa kitu kilichoviringishwa kwenye fulana, akaniwekea magotini.

"Shoka?" nikamuuliza.

"Shoka ni ya kupasua kuni, buda. Hii ni tomahawk. Ya uokoaji."

Kilikuwa chuma kimoja kuanzia kichwani hadi mwisho wa mpini, cheusi tititi, urefu wa kama sentimita 40. Upande mmoja wa kichwa kuna makali. Upande wa pili kuna mwiba mnene. Mwisho wa mpini kuna ulimi bapa wa kung'olea vitu. Shingoni kuna matundu ya kufungulia nati, na kipengo chenye wembe cha kukatia mkanda wa gari. Kinakaa kwenye ala ya turubai unayoweza kufunga kiunoni, kama wewe ni mtu wa kufunga vitu kama hivyo kiunoni.

"Ukiwa na hii," binamu akasema, "hakuna mlango utakulemea."

Alisema hivyo polepole, akiangalia chini, kwa sababu alijua kuhusu moto. Nilikuwa nimemsimulia kwa simu. Nilimsimulia yote isipokuwa sehemu yangu.

*

Ploti yetu ina orofa saba, milango sita kila orofa. Ukifungua dirisha langu unaweza kumpa jirani wa ploti ya pili chumvi bila kuinuka kitini. Kila dirisha lina grili. Kila mlango ni wa chuma. Tumejengewa hivyo kwa sababu ya wezi, na hakuna anayelalamika. Ukienda kuangalia nyumba Nairobi, unauliza maji, unauliza stima, halafu unashika grili unaitikisa. Ikikataa kutikisika unalipa diposti.

Mama wa 4C hufanya usafi hospitalini, zamu ya usiku. Ana mtoto wa kiume, wakati huo akiwa na miaka minane. Akienda kazini alikuwa akimpikia, anamwoshea miguu, anamfungia kwa nje kwa kufuli na kuondoka na ufunguo. Kabla hujamhukumu, niambie wewe ungemwachia nani. Mshahara wa kufagia wodi hauwezi kulipa mshahara wa mtu mwingine.

Usiku huo, saa nane na kitu, waya wa ekstensheni ulishika moto karibu na godoro. Moto wenyewe haukuwa mkubwa. Moshi ndio uliokuwa mkubwa, kwa sababu godoro la sponji halichomeki kama kuni; linayeyuka na kutoa moshi mweusi wenye sumu. Mtoto akafanya yote anayoweza kufanya mtoto: akachukua sufuria, akapiga mlango wa chuma.

Dereva wa matatu anayeishi orofa ya tatu akanusa moshi. Akapanda na spana yake ya kufungulia magurudumu, akaipitisha kwenye komeo, akang'oa. Mtoto akatolewa amezirai. Sisi wengine tukaleta ndoo. Alipona. Leo ana kovu linalong'aa kwenye mkono wa kushoto, na akicheka bado anakohoa kidogo mwishoni.

Hicho ndicho kisa alichosikia binamu. Ndiyo maana akaninunulia chombo.

*

Januari yote shoka lilikaa juu ya kabati. Nilipoandika jina lake kwenye simu, nilipata kombora la jeshi la Marekani, halafu kipande cha nyama ya ng'ombe chenye mfupa mrefu, halafu ndipo nikapata shoka lenyewe. Neno lilitoka kwa lugha za watu wa asili wa Virginia, jamii ya lugha za Kialgonkini, kabla Waingereza hawajalibeba. Kwanza vichwa vilikuwa vya mawe. Biashara na Wazungu ikaleta vya chuma, na baadaye vikatokea hata vyenye kiko upande mmoja: chombo kimoja cha kupigana na cha kuvutia tumbaku ya amani. Miaka ya 1960 Mmarekani mmoja, Peter LaGana, akayatengeneza upya na kuwauzia wanajeshi waliokuwa Vietnam. Kutoka huko likaendelea kubadilika hadi likawa hili langu, lenye wembe wa mkanda na matundu ya nati.

Nilisoma sifa zake nikiwa kitandani, kama mtu anayesoma jumbe za mtu aliyemwacha. Linavunja mlango. Linavunja kioo. Linakata bati. Linang'oa. Nikasema basi, tulijaribu. Si kwa kupasua kuni kijijini, maana hakuna mtu amewahi kunaswa ndani ya gogo. Nilijaribu dhidi ya vitu vinavyotufungia sisi: kufuli, grili, kioo cha matatu.

Nikaliweka kwenye begi la laptopu nikaenda Kariobangi Light Industries kwa fundi aliyechomelea kitanda changu. Njiani nilipita polisi wawili kwenye steji, na moyo ukaanza kupiga kama wa mwizi. Hapo ndipo nilijifunza jambo la kwanza ambalo halikuwa kwenye sifa: huwezi kutembea nalo. Utamwambia nini askari saa tatu usiku? Kwamba wewe ni mwokoaji?

Fundi ni mzee wa miaka sitini hivi, ana vidole vinene kama mahindi ya kuchoma. Akaligeuzageuza, akalinusa. Kisha akawasha mashine ya kunolea na kugusisha ncha ya mpini kwa sekunde moja. Cheche zikaruka zikipasuka kama maua.

"Unaona? Cheche zinagawanyika. Hii ni chuma ngumu." Akachukua kipande cha nondo ya kawaida akakigusisha. Cheche zikatoka ndefu, zimenyooka, zenye matawi machache. "Na hii ni ile ya grili yako. Laini. Sasa utaniambia, ngumu itakula laini. Ngoja tuone."

Alikuwa na mlango wa zamani, wa chuma, ukiwa na komeo. Nikafunga kufuli ya aina ile ile ya 4C. Mmoja wa vijana wake akashika simu kupima muda. Nikapitisha ulimi wa mpini nyuma ya komeo nikavuta. Ukateleza. Nikajaribu mwiba. Nikapata pa kushikia, nikavuta, komeo likapinda kidogo. Nikavuta tena. Mpini ni chuma kitupu, kwa hiyo kila pigo linarudi mkononi kama shoti ya stima. Niliponyanyua kichwa, komeo limeng'oka, shati langu limelowa, na kijana anasoma: dakika 3 na sekunde 10.

Fundi akachukua mtalimbo wake wa mita moja na nusu uliokuwa umeegemea ukuta, mtu hata haukumbuki. Akaingiza ncha kwenye komeo la pili. Hakuvuta, aliegemea tu, kama mtu anayeegemea kaunta akisubiri chai. Komeo likatoka. Sekunde 15.

"Chuma chako ni kizuri kuliko changu," akasema. "Lakini nguvu haiko kwa chuma. Iko kwa urefu. Hii yako imefupishwa ndio mtu abebe. Sasa mtu amebeba, lakini hana nguvu."

Kwenye grili mambo yalikuwa mabaya zaidi. Nondo za mraba za nusu inchi hazikatwi na shoka la mtu yeyote. Pigo la kwanza liliacha alama kama ya jino. La pili likadunda, na hapo nikaelewa mwiba una maana gani: ukipiga kwa makali, mwiba unaangalia uso wako. Likidunda linakuja nyumbani. Fundi akaninyang'anya kwa upole, akaniletea miwani yake ya kuchomelea na glavu, akasema nisirudie. Kisha akatafuta kwenye rundo la vyuma grili nyingine, akagonga viungo vyake kwa mwiba, mapigo manne, kiungo kikaachia.

"Hiyo ni kazi ya fundi mwingine," akasema, na vijana wote wakacheka.

Kwenye kioo lilifanya vizuri. Tulipata dirisha la pembeni la matatu kuukuu. Nikapiga mwiba pembeni, karibu na kona, maana hapo ndipo kioo cha aina hiyo ni dhaifu, na dirisha zima likamwagika kama sukari guru. Kioo cha mbele ni hadithi tofauti. Hicho ni tabaka mbili zenye plastiki katikati. Mwiba uliingia, ukakwama. Kukitoa unalazimika kukikatakata kwa makali ukizunguka ukingo, na unga wa vioo unaruka hadi mdomoni. Mkanda nao ulikatika mara moja, ule mkanda ambao tangu sheria za Michuki za 2004 tumekuwa tukiuweka mapajani bila kuufunga, tukisubiri kuona polisi.

Kwa hiyo, kama uko ndani ya gari lililopinduka, na shoka liko karibu, na mikono yako inafanya kazi, litakusaidia. Kama uko nyuma ya mlango wangu, mtafute yule mzee na mtalimbo wake.

*

Nikiwa hapo, fundi akauliza swali ambalo limenikaa. "Hii inagongwa wapi?"

Sikuelewa.

"Mtu wa pili. Anagonga wapi?"

Akanionyesha. Patasi ina kisogo. Mtalimbo una kisogo. Mmoja anashika, mwingine anagonga kwa nyundo, chuma kinaingia penye ufa. Langu lina makali huku na mwiba huku. Ukitaka kuligonga, hakuna pa kugonga.

Baadaye nilisoma kuhusu zana wanazobeba wazimamoto wa Marekani. Mwaka 1948, Hugh Halligan wa kikosi cha zimamoto cha New York alibuni mtalimbo wenye panda upande mmoja, na upande wa pili ulimi bapa na mwiba. Hadi leo wanaubeba pamoja na shoka lenye kisogo bapa. Shoka hilo mara nyingi si la kukata. Ni la kugonga ule mtalimbo. Yaani zana yao ya kufungulia mlango ni vyuma viwili, na inadhani kuna watu wawili.

Langu linadhani niko peke yangu. Ndicho kinachouzwa pale: mtu mmoja, kiuno kimoja, chombo kimoja cha kazi zote. Nikakumbuka Huruma, Aprili 2016, ploti ya orofa sita ilipoporomoka usiku wa mvua. Kabla mashine kubwa hazijapangwa vizuri, wakazi walikuwa juu ya vifusi wakitoa mawe kwa mikono. Baada ya kama saa 80 mtoto mchanga alitolewa hai, amefunikwa blanketi, ndani ya beseni. Hakuna mtu mmoja anayeweza kusema ni yeye aliyemtoa. Kulikuwa na mkono ulioinua jiwe, na mkono uliolipokea, na watu walioambiwa wanyamaze ili wengine wasikilize.

Wasikilize. Sasa nifike kwenye sehemu yangu.

*

Mimi ni 4B. Ukuta wangu ndio ukuta wa 4C. Mtoto alipoanza kupiga mlango kwa sufuria, mimi ndiye niliyesikia kwanza. Niliamka. Nilisikia chuma kikigongwa, saa nane usiku, kwenye korido yangu, na akili yangu ikaleta jibu moja lililokuwa tayari: wezi wanavunja mlango.

Nikazima taa ya simu. Nikashikilia pumzi. Nikaandika kwenye kundi la WhatsApp la ploti: "Kuna wezi 4th floor. MSIFUNGUE MILANGO."

Ulienda saa 8:14.

Watu wakajibu. "Mungu wangu." "Piga polisi." "Wacha nizime taa." Ploti nzima ikajifungia kwa sababu nilisema. Mtoto akaendelea kugonga. Nakumbuka niliwaza: hawa wezi hawana haraka. Kisha kugonga kukapungua, nami, Mungu anisamehe, nikashukuru kwamba wanaondoka.

Dereva wa orofa ya tatu hakuusoma ujumbe wangu. Simu yake ilikuwa imezima chaji. Ndiyo sababu alipanda. Mtu pekee aliyetoka alikuwa yule ambaye sikumfikia. Ujumbe wa mtu mwingine kwamba ni moto uko hapo chini ya wangu: saa 8:23.

Dakika tisa. Nilipotoka Kariobangi nilikaa kwenye matatu nikafanya hesabu hiyo. Mimi, kwa mikono yangu ya kubonyeza kibodi, kwa chombo kifupi, nilichukua dakika 3 na sekunde 10. Ningebakisha karibu dakika sita. Tena usiku ule nilikuwa na mtungi wa gesi wa kilo sita jikoni; ningeuchomoa regureta, nikautoa pale koridoni na kupigia ile kufuli. Nilikuwa na majirani watano kwenye orofa. Nilikuwa na sauti. Vyombo havikupungua. Binamu alinitumia dawa ya ugonjwa niliomwambia, si ule niliokuwa nao.

*

Nilifikiri kulirudisha, lakini unarudishaje zawadi Minnesota? Badala yake niliomba kikao cha ploti. Walikuja watu kumi na moja na msimamizi. Sikukiri lolote, nilisema tu nimefanya majaribio. Tukachanga, tukanunua mtalimbo na nyundo ya kilo nne, tukavipaka rangi nyekundu, tukavitundika kwenye ngazi ya orofa ya tatu. Viliibiwa baada ya siku tisa. Tukachanga tena, kwa maneno makali, na sasa viko ndani kwa dereva, nyuma ya mlango, na kila mtu anajua.

Kuhusu grili, msimamizi alisema mwenye ploti hatakubali ikatwe. Fundi alikuja Jumapili akaniwekea bawaba kwenye kipande cha dirisha la chumba cha kulala, kinafunguka kwa ndani, kufuli yake ina ufunguo unaoning'inia kwenye msumari ambao mkono unaufikia gizani, lakini mkono wa nje hauufikii. Mwenye ploti hajui. Ukisoma hapa, mzee, nitakulipa nikihama.

Wiki hiyo hiyo mama wa 4C alibisha hodi. Alikuwa na sare ya kazi, mtoto nyuma yake. Akanyoosha mkono. Ulikuwa ufunguo.

"Huu ni wa kufuli yangu," akasema. "Kaa nao."

Sikuupokea. Nilisema, "Mama, kuhusu ule ujumbe..."

"Niliusoma. Nikiwa kazini." Alisema bila kupandisha sauti. "Niliusoma nikashukuru kwamba mtoto wangu amefungiwa."

Hatukusema kitu kwa muda. Mtoto alikuwa akichungulia ndani kwangu, akiliangalia shoka juu ya kabati.

"Hata mimi ningedhani ni wezi," akasema mwishowe. "Lakini siku ingine ukisikia, fungua kwanza. Utaandika baadaye."

Nikaupokea.

*

Ukiniuliza kama ununue tomahawk ya uokoaji: kama una gari na safari ndefu, na pesa haina kazi nyingine, inunue, uiweke pale mkono unapofika ukiwa umefungwa mkanda. Kama unaishi ploti kama yetu, pesa hiyo itakupa mtalimbo, nyundo, bawaba mbili za grili na ufunguo wa ziada, na chenji ya soda. Ufunguo mpe mtu. Halafu hakikisha mtu huyo anajua sauti ya mtoto wako akigonga.

Langu liko bado juu ya kabati. Msimamizi ameliazima mara mbili kuzibua mtaro. Na nimelitoa usiku mara moja. Ilikuwa Machi, saa tisa, nikasikia chuma kikigongwa koridoni. Kifua kilibana kama siku ile. Mkono ulienda kwenye simu, nikauona ukienda, nikaurudisha. Nikachukua shoka, nikafungua mlango.

Alikuwa jamaa wa 4D, amelewa, anagonga mlango wake mwenyewe, na mkewe anamjibu kutoka ndani kwamba alale huko alikotoka. Aligeuka, akaniona nimesimama na bukta na shoka.

"Aki buda," akasema, akiinua mikono, "si pole pole. Nitalala tu kwa ngazi."

Milango miwili zaidi ilikuwa imefunguka. Dereva alikuwa tayari kwenye ngazi, mtalimbo begani. Tukaangaliana, tukarudi kulala. Kwenye kundi hakuna aliyeandika kitu.